Kipimo cha Nyuma ya Maktaba

Wanafunzi walimwita Bi Umejuaje, wala hawakumwita hivyo kwa kificho. Alikuwa mwalimu wa Jiografia, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mfupi, mwenye mkoba mzito kuliko yeye mwenyewe. Ukimwambia jambo lolote, hata liwe dogo namna gani, alikutazama kwa juu ya miwani akauliza: "Umejuaje?" Ukimwambia kengele imelia, umejuaje. Ukimwambia mwenzako anaumwa tumbo, umejuaje. Mpishi wa shule aliwahi kumwambia chakula kimeiva, akaulizwa swali hilohilo, basi akamwekea sahani mbele na kumwambia aulize meno yake. Wawili hao wakawa marafiki tangu siku hiyo, na sahani yake ikawa inajaa kuliko za walimu wengine.

Shuleni alikuwa na kitu kimoja alichokipenda kuliko mshahara, nacho ni kipindi cha Alhamisi alasiri. Alikianzisha mwenyewe na wanafunzi wa kidato cha tatu. Walileta chochote walichokuta kimesemwa kuhusu joto, mvua, ukame na mafuriko: vipande vya magazeti, ujumbe ulionakiliwa kwenye simu za wazazi, maneno waliyoyasikia redioni. Kisha wakavichambua mmoja baada ya mwingine, kama mtu anavyochambua mchele. Nani kasema? Kapima wapi, kwa kifaa gani, kwa muda gani? Nani anamlipa? Nini kimeachwa nje?

Siku moja msichana mmoja alileta gazeti lenye kichwa cha habari kisemacho wataalamu wamegawanyika kuhusu joto la dunia. Wakalisoma mpaka mwisho. Upande mmoja wakakuta utafiti uliokusanya vipimo vya maelfu ya vituo, nchi kavu na baharini. Upande wa pili wakamkuta bwana mmoja anayeuza jenereta.

"Huyu kasema mbili na mbili ni nne," Bi Umejuaje aliwaambia. "Yule kasema ni saba. Mwandishi, kwa kutaka asionekane anapendelea, kaandika kwamba jibu lipo katikati. Sasa ninyi nendeni dukani na tano na nusu yenu muone kama mtauziwa kitu."

Darasa lilicheka hadi mwalimu wa Hesabu akaja kuchungulia dirishani.

Ubaya wa kipindi hicho ni kwamba hakuna mtihani wa taifa unaouliza mambo hayo. Wazazi walilalamika kwamba watoto wanapoteza saa nzima kubishana na magazeti. Mwalimu Mkuu, mtu mwenye hofu ya kudumu ya kushika nafasi ya mwisho kimkoa, angekuwa amekifuta zamani. Alikivumilia kwa sababu moja tu: grafu.

Grafu hiyo ilikuwa ukutani mwa darasa, karatasi nne zilizogundishwa pamoja, nayo ilibeba miaka kumi na tisa ya mvua ya shule. Kila asubuhi saa tatu mwanafunzi wa zamu alikwenda kwenye kipimo, akamimina maji kwenye silinda ya kioo, akasoma milimita na kuziandika daftarini. Bi Umejuaje alizijumlisha kwa mwaka, akaweka nukta moja kwa kila mwaka, kisha akachukua rula na kalamu nyekundu akapiga mstari kutoka juu kushoto hadi chini kulia. Ulianza karibu na milimita mia tisa, ukaishia juu kidogo ya mia tano. Ulikuwa mstari mzuri, ulionyooka, wa kutisha.

Miaka minne iliyopita mdogo wake, ambaye ni mtangazaji wa redio ya mji, alipita shuleni kumsalimu, akauona. Kesho yake asubuhi mji mzima ukasikia: "Nusu ya mvua yetu imetoweka!" Alitia chumvi, kama kawaida yake. Halafu gazeti likatia chumvi juu ya chumvi. MVUA YATUKIMBIA, liliandika, na chini yake picha ya Bi Umejuaje amesimama kando ya grafu, ameshika rula kama rungu. Ofisi ya elimu ikapiga simu kupongeza, shule nyingine zikaomba nakala. Na mwanamke huyu, aliyemsumbua hata mpishi, hakumuuliza mdogo wake swali lolote. Aliikata picha ile akaitia kwenye fremu. Mimi simlaumu sana. Miaka ishirini na saba darasani, mtu anapiga kelele juu ya hewa na bahari mbele ya watoto wanaosinzia, kisha siku moja mji wote unamsikiliza. Nani angeanza kujihoji?

Sasa, Ijumaa moja Mwalimu Mkuu alimwita ofisini na kumfungia mlango, jambo ambalo halikuwahi kumaanisha heri.

"Redio wanataka kutupa kipindi kizima Jumamosi ijayo," alisema. "Wewe na grafu yako. Ijumaa mnarekodi, Jumamosi saa nne kinarushwa, na mimi nitakuja kusikiliza pamoja na wanafunzi. Kikienda vizuri, Alhamisi yako naiingiza kwenye ratiba rasmi, na hakuna mzazi atakayeigusa tena. Kikituaibisha, Alhamisi tutafanya mitihani ya majaribio kama shule zenye akili timamu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Mkuu."

Alirudi nyumbani anatembea kama msichana. Furaha hiyo ilidumu siku tatu.

Jumatatu baada ya masomo, mwanafunzi mmoja alibaki darasani wakati wenzake wanatoka. Walimwita Kimya, kwa kuwa mwaka mzima ungeweza kuyahesabu maneno yake. Alikuwa na daftari kuukuu la mvua kwapani, moja ya yale yaliyokuwa yanaliwa na mende kabatini.

"Mwalimu, naomba kuuliza."

"Uliza, mwanangu."

Kimya alikwenda kwenye grafu akaufunika mstari mwekundu kwa mkono wake. "Ukiuficha huu, ukaziangalia nukta peke yake, haziteremki. Miaka kumi ya kwanza zote ziko huku juu, zinapanda na kushuka kidogo. Halafu zinaanguka mara moja. Miaka tisa zimekaa huku chini, nazo zinapanda na kushuka kidogo. Si mteremko huu, Mwalimu. Ni kama ngazi moja."

"Mwaka ule hali ya hewa ilibadilika," alisema Bi Umejuaje. Alishalisema hilo mara nyingi kiasi kwamba lilitoka lenyewe.

Kimya hakubisha. Alifungua daftari mahali alipokuwa ameweka kipande cha karatasi, akaliweka mezani, akarudi nyuma hatua moja kama mtu aliyewasha kiberiti karibu na mafuta. Ukurasa ulikuwa wa miaka tisa iliyopita. Pembeni, kwa mwandiko ambao Bi Umejuaje angeutambua hata gizani kwa sababu ulikuwa wake, paliandikwa: Leo kipimo kimehamishiwa nyuma ya maktaba. Mipira.

Akakumbuka yote. Kipimo kilikuwa pembeni mwa uwanja, mahali peupe. Muhula ule mpira ulikipiga mara tatu, mara ya tatu ukavunja mdomo wake. Akagombana na mwalimu wa michezo mpaka wakanuniana. Mwishowe, kwa hasira, alikibeba yeye na mlinzi wakakisimika nyuma ya maktaba, hatua mbili kutoka ukutani, ambako hakuna mpira unaofika. Aliona ameokoa jahazi. Kumbe pale si mpira tu usiofika. Mvua ya mji ule huja na upepo, imeinama, kutoka upande wa uwanja. Ikifika maktaba inapiga ukuta wa mbele na paa, na nyuma yake panabaki pakavu kama chini ya mwavuli. Kila mtu alijua. Wakati wa mvua wanafunzi walikimbilia huko kujificha.

Swali la kwanza lililomtoka halikuwa lile la siku zote.

"Wengine wanajua?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi tusiseme kwanza. Mpaka tuhakikishe."

Kuhakikisha ni jambo jema, ndivyo alivyowafundisha. Lakini alijua vizuri ni kiasi gani cha sentensi ile kilikuwa sayansi na kiasi gani kilikuwa woga. Aliona aibu mbele ya mtoto wa miaka kumi na sita, na mtoto akaona aibu kwa niaba yake, akaaga akaondoka.

Jumanne walitoa kipimo cha akiba stoo, wakakisimika pale pale pa zamani pembeni mwa uwanja. Alasiri ile mvua ilinyesha, na Bi Umejuaje, aliyekuwa akiomba mvua kila mwaka mbele ya darasa, alisimama barazani akiiombea isimame. Jumatano saa tatu walisoma wote wawili. Nyuma ya maktaba milimita kumi na moja. Uwanjani kumi na tisa.

"Mvua moja haitoshi," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu," alisema Kimya, akaandika.

Ikanyesha tena. Alhamisi walikuta sita na kumi. Hapakuwa tena na pa kukimbilia.

Siku zile alikuwa roho juu juu. Alipiga pasi blauzi moja mara mbili. Alitoka nyumbani, akarudi kuangalia kama amefunga mlango, akafika kona, akarudi tena. Mumewe, fundi viatu, mtu mpole aliyezoea kusikiliza huku ana misumari mdomoni, alimwangalia Jumatano jioni anavyochezea chakula, akatema misumari kiganjani.

"Mama watoto, kuna nini? Maana hata mimi leo sijaulizwa nimejuaje."

Akamweleza. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, akawaza, halafu uso ukamlegea.

"Kwa hiyo mvua yote hii iliyotukimbia miaka tisa, ilikimbizwa na mpira?"

"Usicheke."

"Sicheki."

"Unacheka, baba watoto. Na wewe ni mume wangu. Je, wengine?" Machozi yalikuwa karibu. "Yule mwalimu wa Hesabu atasema tabianchi imebadilika nyuma ya maktaba tu. Hayo nitayavumilia. Lakini watoto je? Miaka yote nawaambia dunia inapata joto, na ni kweli, imepimwa na watu wasiojuana, kila pembe. Leo nikiwaambia nilikosea mvua, watasema na hayo mengine ni uongo. Na wale wanaopenda kusikia kwamba yote ni uongo watasherehekea. Na Alhamisi yangu itakufa."

Fundi aliacha kucheka. Alimsogezea maji, na kusema kwamba kiatu kikishonwa vibaya hufumuliwa kwanza, hata kama mwenyewe amesimama dukani anasubiri. Halafu akaona maneno yake hayajasaidia, akarudisha misumari mdomoni.

Alhamisi alasiri Bi Umejuaje aliingia darasani ameshaamua kusema. Wanafunzi arobaini na mmoja walikaa, daftari wazi. Akageukia grafu. Chaki ikamkatikia mkononi. Mvulana wa mbele akanyoosha mkono akauliza kama ni kweli Jumamosi watasikika mpaka miji ya jirani, na macho yake yalikuwa yanang'aa kiasi kwamba mwalimu aliuma ulimi. Akafundisha habari ya picha za mafuriko, jinsi picha ya miaka mingi nyuma inavyorushwa kama ya jana. Alifundisha vibaya, akajirudia mara mbili. Kimya alikuwa dirishani, hakuandika hata neno moja.

Kipindi kilipokwisha alimwita. "Kesho unakuja na mimi studio. Kama mwakilishi wa darasa."

"Kusema nini, Mwalimu?"

"Kukaa tu. Nikikuona nitashindwa kukimbia."

Studio ilikuwa chumba kidogo chenye zulia ukutani na harufu ya jasho la watu waliotangulia. Mdogo wake aliwapokea kwa mikono miwili, akawavutia viti, akamrekebishia dada kipaza sauti kama anayemfunga mtoto tai. Alikuwa mtu wa kucheka, mwenye sauti nene kuliko umbo lake. Dada ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufa. Aliandika barua yake ya kuomba kazi, akamnunulia na viatu vya kuendea. Taa nyekundu ikawaka.

"Dada, sema na wasikilizaji. Hii grafu inatuambia nini?"

Bi Umejuaje alimtazama Kimya, akapiga moyo konde.

"Kwa miaka minne nimewaambia wanafunzi wangu kwamba mvua ya hapa imepungua karibu nusu," alisema. "Leo nimekuja kusema kwamba nilikosea."

Akasema yote: mipira, maktaba, kumi na moja na kumi na tisa. Akasema joto la dunia halikutegemea kopo lake la mvua, limepimwa kwenye maelfu ya vituo, na linapanda. Lakini kwamba mvua ya mji wao imepungua nusu, hilo hana ushahidi nalo, na waliolisikia kwake wamsamehe. Alipomaliza blauzi yake ilikuwa imelowa mgongoni.

Mdogo wake alikuwa ameacha kucheka kitambo. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Haya." Akazima taa. "Imetoka vizuri, dada. Nitaipunguza kidogo tu iingie kwenye dakika zake."

Aliwasindikiza mpaka mlangoni, akamshika dada bega, hakumtazama usoni. Bi Umejuaje alikuwa amechoka mno kulijali hilo. Jioni ile alikula, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Jumamosi saa nne kasorobo darasa lilikuwa limejaa. Redio ya stoo ilikuwa juu ya meza ya mwalimu, waya wake wa antena umefungwa kwenye dirisha. Mwalimu Mkuu alikuja amevaa koti. Bi Umejuaje alikaa kwenye kiti pembeni, mkoba magotini. Hakuwa amewaambia kitu. Alitaka walisikie pale, kwa sauti yake, mbele ya mji wote, ili asiweze kurudi nyuma. Alikuwa ameyapanga na ya baadaye: atasimama, atajibu maswali yao, atatazama uso wa Mwalimu Mkuu ukibadilika na hatageuza macho.

Muziki ukapigwa. Mdogo wake akakaribisha wasikilizaji, akaisifu shule, akamsifu dada bila kusema kwamba ni dada. Kisha ikaja sauti yake mwenyewe, nyembamba kuliko alivyoidhania.

"Kwa miaka minne nimewaambia wanafunzi wangu kwamba mvua ya hapa imepungua karibu nusu."

Akashika kamba za mkoba, akangoja sentensi ya pili.

"Karibu nusu!" ilisema redio kwa sauti nene ya mdogo wake. "Mmesikia wenyewe, wasikilizaji. Na si mvua tu. Tumsikilize tena mwalimu." Na sauti yake ikarudi: "Joto la dunia limepimwa kwenye maelfu ya vituo, na linapanda." Muziki. Tangazo la magodoro.

Darasa lililipuka kwa makofi. Walipiga madawati, mmoja akapiga mluzi, na hakuna aliyemkataza. Bi Umejuaje alikuwa anainuka. Simu ikatikisika ndani ya mkoba. Ujumbe wa mdogo wake: Dada, nisamehe. Ningeliweka lile la kukosea, wale wa yote-ni-uongo wangelishangilia mwaka mzima, na wewe ungepoteza darasa lako. Nimekukinga. Hakuna atakayejua.

Alisoma mara mbili. Kila neno lilikuwa lake, ndiyo hofu yenyewe aliyoimwaga mezani mbele ya mumewe, sasa amerudishiwa. Na mdogo wake alisema kweli: hakuna atakayejua. Mwalimu Mkuu alikuwa ameshafika kando yake, anampa mkono, anacheka kwa meno yote.

"Hongera, Mwalimu. Alhamisi ni yako. Jumatatu naandika kwenye ratiba kwa wino."

Akaupokea mkono ule. Nakiri hapa kwamba aliupokea, na kwa muda wa pumzi mbili tatu alifurahi, kweli alifurahi, kama mtu aliyeamshwa akaambiwa ilikuwa ndoto. Mambo yangeweza kwenda hivi. Kipimo kingerudishwa uwanjani kimyakimya, nukta zingepanda, angesema mvua zimerudi.

Ndipo akamwona Kimya. Alikuwa dirishani, hajapiga kofi. Alimtazama mwalimu, akaitazama redio, akamtazama tena mwalimu na mkono wake ulio ndani ya mkono wa Mwalimu Mkuu. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu anayejifunza jambo, uso ule ule aliokuwa nao siku zote za Alhamisi. Halafu akainamisha kichwa, akaweka kalamu chini, akaanza kupiga makofi na wenzake.

Bi Umejuaje amewahi kumzika mama yake, na amewahi kukaa hospitali siku tisa na mwanawe. Baadaye alimwambia mumewe kwamba makofi yale ya taratibu kutoka dirishani yaliuma mahali ambapo hayo yote hayakufika.

Tangazo la magodoro likaisha. "Sasa simu zenu, wasikilizaji," ilisema redio. "Tupigieni, mtoe maoni." Namba ya studio kila mtu mjini aliijua kwa kichwa, kwa jinsi mtangazaji alivyoiimba kila siku. Bi Umejuaje aliutoa mkono wake mkononi mwa Mwalimu Mkuu na kuanza kubonyeza. Akakosea, akafuta, akaanza upya.

"Unampigia nani?" aliuliza Mwalimu Mkuu.

Akaweka simu sikioni. Simu iliita mara nne. Fundi mitambo wa studio alipokea, akamwambia asubiri, kisha kukawa na mlio mfupi.

"Karibu, msikilizaji, uko hewani! Nani mwenzetu?"

Sauti ilitoka kwenye simu na kwenye redio, moja ikiikanyaga nyingine, halafu redio ikapiga ukelele mkali uliowafanya watoto wazibe masikio. Makofi yakafa.

"Msikilizaji, punguza sauti ya redio yako," alisema mdogo wake.

Bi Umejuaje hakuweza kusogea. Ni Kimya aliyetoka dirishani, akapita katikati ya madawati, akashika kitufe cha redio na kukizungusha mpaka ikazima. Ukelele ukakatika. Sasa wanafunzi arobaini na mmoja hawakuwa na kitu kingine cha kusikiliza isipokuwa mwalimu wao.

"Ni mimi," alisema. "Dada yako."

 Alimsikia mdogo wake akivuta pumzi upande wa pili. Alijua mkono wake uko karibu na swichi, na alijua ni mkono wa namna gani, kwa kuwa yeye ndiye aliyeufundisha kushika kalamu.

"Dada," alisema mtangazaji, kwa sauti ya nyumbani, ndogo, "tuko hewani."

"Najua. Usinikate tena."

 Mdogo wake hakukata. Mwalimu Mkuu alikuwa anatikisa kichwa, kwanza polepole, kisha kwa haraka, na midomo yake ikasema bila sauti: Alhamisi. Bi Umejuaje alimwona, akaelewa. Simu ilikuwa sikioni, lakini aliwageukia watoto, na hao ndio aliowaambia.

"Kipimo nilikihamisha mimi."